Msiisingizie Besi Inayojirudia

Hukumu imekwisha kupitishwa, na wengi wanaitamka kama jambo lisilohitaji ushahidi. Utaisikia kwenye vipindi vya zilipendwa redioni, utaisikia kwa walimu wa kwaya, utaisikia kwa wazee waliopiga gitaa katika bendi za mashirika ya umma: muziki wa vijana umeharibika kwa sababu besi yake inatengenezwa chumbani, kwa kompyuta. Kijana anabonyeza noti nne, anazinakili kutoka mwanzo wa wimbo hadi mwisho, kisha anahesabu kwamba amefanya kazi. Besi inajirudia, na kujirudia ni uvivu. Zamani, wanasema, besi ilikuwa inatembea.

Naipinga hukumu hiyo kuanzia mzizi wake. Masikio yao sina ugomvi nayo. Nyimbo nyingi zinazotoka kwenye studio za vyumbani kweli zina besi iliyokufa, na anayelalamika anasikia sawasawa. Ninachokataa ni mshtakiwa waliyemkamata. Kujirudia hakujaua besi ya mtu yeyote, na muziki uleule wanaoulilia ulisimama juu ya kujirudia.

Tuanze na muziki wa dansi wa bendi hizo za zamani, maana ndiyo fimbo wanayowachapia vijana. Sikiliza rekodi zilizofanywa Radio Tanzania katika miaka ya 1970 na 1980: Morogoro Jazz enzi za Mbaraka Mwinshehe, Juwata, Mlimani Park iliyoanzishwa mwaka 1978. Usikae kwenye ubeti wa kwanza. Nenda kwenye chemko, pale waimbaji wanapopunguza maneno na magitaa yanapoachiwa uwanja, halafu ifuate besi peke yake. Imeshika kifungu kifupi cha noti chache na inakizungusha, mzunguko baada ya mzunguko, wakati gitaa la solo linazurura na tarumbeta zinaingia na kutoka. Ukienda Kongo, kwenye sebene, utakuta utaratibu huohuo. Besi inayotembea huku na huko wakati wa chemko ingewapoteza wachezaji, na mpiga besi wa bendi alilijua hilo kuliko mtu yeyote ukumbini.

Hata kabla ya gitaa kufika huku, kujirudia kulikuwepo. Mpiga nyatiti wa Kijaluo ana nyuzi nane, njuga mguuni, na pete ya chuma kwenye kidole cha mguu inayogonga ubao wa chombo. Vidole vyake vinazungusha mpangilio mmoja kwa muda mrefu, na kinachosafiri ni sauti yake na hadithi anayoisimulia. Muziki wa benga ulichota humo. Hukwe Zawose, aliyefariki Bagamoyo mwaka 2003, alizunguka dunia na ilimba, marimba ya mkono ya Wagogo. Dole gumba lake lilikuwa halikimbilii jambo jipya kila baada ya sekunde tano. Katika ngoma za pwani, wapo wanaoshikilia mapigo na yupo mmoja anayesema. Hatujawahi kusikia wale wanaoshikilia wakiitwa wavivu.

Na kwa walimu wa kwaya, ambao wakati mwingine wanadhani ubaya huu umetoka kwenye ngoma na disko, nitawakumbusha Kanoni ya Pachelbel inayopigwa kwenye harusi za kanisani. Besi yake ina noti nane. Inazirudia mara 28 bila kubadilisha hata moja. Kwa nini hapo inaitwa kazi kubwa, na kwenye kompyuta ya kijana wa Mbagala inaitwa kukosa akili?

Sasa tuitazame mashine inayolaumiwa. Mwaka 1983, kwenye maonyesho ya vyombo vya muziki ya NAMM kule California, kinanda cha Prophet-600 cha kampuni ya Sequential Circuits kiliunganishwa kwa waya na kinanda cha Jupiter-6 cha Roland. Kimoja kilipopigwa, kingine kikaitika. Nyuma ya jambo hilo walikuwepo Dave Smith wa Marekani na Ikutaro Kakehashi wa Japani, watu wa kampuni zilizokuwa zikishindana sokoni, waliokubali vyombo vyao vizungumze lugha moja. Lugha hiyo ndiyo MIDI, na mpaka leo ndiyo inayotumika kila kijana anapochora besi kwenye skrini.

Jambo ambalo wakosoaji hawalisemi ni kwamba MIDI haina sauti ndani yake. Ukiifungua faili ya besi ya MIDI hukuti mlio wowote, unakuta maagizo: noti fulani ianze sasa, ipigwe kwa nguvu kiasi hiki, iachiwe pale. E ya chini kabisa ya gitaa la besi la nyuzi nne ni namba 28. Nguvu ya kupiga huandikwa kwa namba, kuanzia 1 hadi 127. Kwa hiyo kila noti inamdai mtengenezaji majibu manne: ni noti ipi, inaanza lini, inapigwa kwa nguvu gani, inakaa muda gani.

Kijana wetu anajibu swali la kwanza peke yake. Mengine matatu anaiachia programu, na programu ina jibu moja kwa noti zote: nguvu sawa, mara nyingi 100, mwanzo juu ya mstari wa gridi bila kupungua wala kuzidi, urefu ule aliouchora mara ya mwisho. Hapo ndipo besi inapofia. Imefia kwenye maswali matatu yaliyoachwa bila kujibiwa, na ingekuwa maiti vilevile hata kama angeandika noti mpya katika kila kipimo cha wimbo.

Nitatoa mfano ili tusibishane hewani. Kasi ni mapigo 100 kwa dakika. Kifungu chetu kina vipimo viwili vya mapigo manne manne, na kila kipimo kimegawanywa visanduku 16, kama programu nyingi zinavyoonyesha. Tuko kwenye ufunguo wa A ndogo. Kipimo cha kwanza: A ya chini, namba 33, kwenye kisanduku cha 1, A hiyohiyo kwenye kisanduku cha 7, C, namba 36, kwenye cha 11, G, namba 31, kwenye cha 15. Kipimo cha pili: kisanduku cha 1 hakina kitu, maana ile G bado inalia, A kwenye cha 7, E, namba 28, kwenye cha 11, G tena kwenye cha 15. Noti saba basi. Zinakili hivyohivyo, zote kwa nguvu 100, kwa dakika tatu: msikilizaji atachoka kabla ya kiitikio.

Usiongeze noti. Shika nguvu kwanza. A ya mwanzo ipe 112, kwa sababu inatua pamoja na ngoma ya kiki. A ya kisanduku cha 7 ishushe hadi 80. C iwe 96. G iwe 68, kama kidole kimeugusa uzi tu kwa kupita. Kwenye programu nzuri ya besi, kushusha namba hizo kunafanya zaidi ya kupunguza sauti. Kunabadilisha rangi ya mlio, maana uzi uliopigwa kwa upole hautoi makali yale ya uzi uliovutwa kwa nguvu.

Halafu urefu. A ya kwanza ikate kabla haijafika kisanduku cha 3, ili ngoma ya snea ya kisanduku cha 5 ikute ukimya na isikike yote. C iache ikae. G ya kisanduku cha 15 iache ivuke mstari na kuingia kipimo cha pili, maana kule mwanzo hatukuweka kitu makusudi. Vijana wengi hawajui kwamba mpiga besi ana mikono miwili, na mkono unaouzima uzi unafanya kazi kubwa sawa na ule unaoupiga. Kwenye MIDI, mkono huo ni ncha ya mwisho ya noti. Wanaichora mara moja, hawairudii tena.

Mwisho, wakati. Kwa kasi hiyo, pigo moja lina milisekunde 600 na kisanduku kimoja kina milisekunde 150. Programu ya FL Studio, ikiachwa katika mpangilio wake wa kawaida, hugawa pigo vipande 96, kwa hiyo kipande kimoja ni zaidi kidogo ya milisekunde 6. Icheleweshe A ya kisanduku cha 7 kwa vipande viwili. Ile iliyo pamoja na kiki usiiguse. Sikiliza tena. Noti ni zilezile saba, kifungu kinajirudia vilevile, lakini sasa kinavuta mwili.

Na hapa niwaonye wale waliosikia kwamba dawa ya gridi ni kitufe cha kuzivuruga noti ovyo ili zifanane na mkono wa binadamu. Mpiga besi hodari hachelewi ovyo. Anaichelewesha noti ileile, mahali palepale, kwa kiasi kilekile, kila mzunguko ukirudi; hiyo ndiyo saini yake, ndiyo maana unamtambua kabla mtangazaji hajataja bendi. Maana yake hata kule kuchelewa kunajirudia. Kompyuta inaweza kulishika jambo hilo barabara kabisa, mradi kuna mtu aliyelisikia kwanza na kuliandika.

Wapo watakaosema wasikilizaji wenyewe hawasikii haya, wanasikilizia kwenye simu. Spika ya simu kweli haiwezi kutoa A ya mitetemo 55 kwa sekunde. Ongeza ukwaruzo kidogo kwenye besi na mitetemo ya 110 na 165 itajitokeza, sikio litajaza lililobaki. Hilo halihitaji mjadala mrefu.

Kinachohitaji mjadala ni tiba inayotolewa na hao hao wanaolaumu. Mkosoaji akishasema besi inachosha kwa kujirudia, anashauri iwekewe mbwembwe: kila kipimo cha nne noti za haraka haraka, kila kipimo cha nane mteremko. Maprodyuza wengi wameupokea ushauri huu kama sheria. Matokeo yake ni besi inayojirudia ileile na kuudhi zaidi, kwa kuwa sasa ina kelele inayokuja kwa ratiba. Mwimbaji anapumua, besi inamrukia. Mstari mzuri unafika mwisho, besi inaufunika.

Tazama jinsi wengine walivyoipata siri ya kifungu kujirudia bila kuchosha. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 kampuni ya Roland ilitoa kisanduku kidogo cha TB-303, kilichobuniwa na Tadao Kikumoto, kwa ajili ya mpiga gitaa anayefanya mazoezi peke yake bila mwenzake wa besi. Hakikufanana hata kidogo na gitaa la besi. Hakikuuzika, na mwaka 1984 uzalishaji wake ulikwisha. Visanduku hivyo vikaangukia mikononi mwa vijana waliovinunua kama mitumba. Mwaka 1987 kundi la Phuture la Chicago likatoa "Acid Tracks", wimbo wa zaidi ya dakika 10 unaobebwa na kifungu kimoja cha besi. Noti zilizunguka tu. Walichokifanya ni kuzungusha vitufe vya chujio wakati kifungu kinaendelea, mlio ukafunguka, ukajibana, ukalia kama kitu kinachokaribia kutamka neno. Aina nzima ya muziki ikaanzia hapo. Karibu kila programu ya kurekodia nyumbani leo ina chujio la namna hiyo, na unaweza kulichorea njia lifunguke taratibu kwa vipimo 32 huku noti zako saba zimetulia. Mabadiliko yanaweza kukaa kwenye rangi. Yanaweza kukaa kwenye ngoma, kwenye sauti ya mwimbaji, kwenye besi kunyamaza kabisa kwa kipimo kimoja halafu ikarudi. Kwa nini tuiandame noti?

Jamaika nako, mwaka 1985, mwimbaji Wayne Smith alitoa "Under Mi Sleng Teng", aliourekodi kwa prodyuza King Jammy. Mdundo wake, pamoja na besi, ulitoka ndani ya kinanda kidogo cha Casio MT-40, ukiwa umewekwa humo tangu kiwandani. Aliyeutunga ni Hiroko Okuda, mfanyakazi wa Casio. Hakukuwa na mpiga besi studio. Jammy aliupunguza kasi mdundo ule na kuujengea juu yake, na tangu hapo waimbaji wasiohesabika wamepita juu ya besi hiyohiyo. Anayesema kilichotoka tayari kwenye mashine hakiwezi kuwa na uhai na auweke wimbo huo halafu asimame bila kutikisika.

Nyumbani tunayo singeli. Ilipotoka uswahilini Dar es Salaam iliitwa kelele, iliitwa uhuni, na hoja ya kwanza dhidi yake ilikuwa hiyohiyo: inajirudia. Singeli inakwenda kwa kasi inayopita mapigo 200 kwa dakika. Kwa kasi hiyo pigo zima halifiki hata milisekunde 300, na besi yenye noti ndefu au yenye safari ndefu inageuka uji. Waliokata vipande vifupi vya taarab na kuvizungusha kwenye kompyuta zao za bei nafuu walikuwa wamekielewa kitu ambacho waliokaa na shahada za muziki walikuwa hawajakifikiria, kwamba kasi ikipanda, kifungu lazima kifupike na kishike palepale. Mwaka 2017 lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilitoa mkusanyiko wa "Sounds of Sisso", na watengenezaji hao hao wakaanza kuitwa kwenye majukwaa ya Ulaya. Tulisubiri wageni watuambie.

Ipo hoja moja ya wazee ambayo ni nzito, na sitaipita pembeni. Wanasema mpiga besi wa kweli anamsikiliza mwimbaji. Mwimbaji akivuta neno, yeye anashikilia. Mwimbaji akinong'ona, yeye anapunguza mkono. Mashine, wanasema, haisikii.

Ni kweli haisikii. Lakini chunguza sababu ya besi ya chumbani kuwa kiziwi. Utaratibu wa kazi ndio umeifanya hivyo. Prodyuza anatengeneza biti usiku, na besi inakamilika kabla hajajua nani ataimba. Msanii anakuja kesho yake, anaimba juu ya kitu kilichokwisha fungwa, wimbo unachanganywa, unatoka. Besi haikuwahi hata siku moja kukutana na sauti. Hata ungemleta mpiga besi bora Afrika Mashariki ukamrekodi kwa mtindo huo, apige peke yake wimbo ambao haujaimbwa, naye angepiga kama kiziwi.

Na hapa MIDI ina faida ambayo utepe wa Radio Tanzania haukuwa nayo. Bendi ilipokwisha kurekodi, ilikuwa imekwisha. Gitaa limelala pamoja na sauti, huwezi kulifuata noti kwa noti. Besi ya MIDI inabaki wazi mpaka dakika ya mwisho. Mwimbaji akishamaliza, unaweza kurudi na kusikiliza ubeti wa pili, ukaona pale anaposema neno la uchungu nguvu ya 96 ni kubwa mno, ukaishusha hadi 60 mahali hapo tu. Unaweza kufuta noti mbili chini ya mstari anaoutaka usikike. Kifungu kinabaki kifungu, kinajirudia, lakini sasa kimemsikia mtu. Kazi hii inachukua saa moja. Wanaoiruka saa hiyo wanastahili lawama, na nitaungana na mzee yeyote kuwalaumu.

Vilevile nitaungana naye juu ya wale wanaopakua vifungu vya besi vilivyotengenezwa na watu wasiowajua na kuvibandika bila kuvigusa. Mfano wa kusikitisha ni log drum, ule mlio wa besi wa amapiano. Watengenezaji wa Afrika Kusini wanaifanya izungumze, inyamaze, idakie, ikatize. Sisi tunachukua kipande cha vipimo viwili na kukigandisha wimbo mzima, kisha tunashangaa kwa nini yao inachezeka na yetu inagonga tu. Kilichokosekana hapo ni kusikiliza.

Watasema pia kompyuta imewanyang'anya wapiga besi kazi. Nawaheshimu wapiga besi, na kukosa kwao kazi kunaniuma. Lakini kijana mwenye kompyuta moja, hedifoni na kitanda pembeni hakumfukuza mtu. Hakuwa na mpiga besi wa kumfukuza, wala gitaa, wala kipaza sauti, wala nauli ya kuwaleta watu watano mazoezini. Bila ile programu asingekuwa anaajiri bendi. Asingekuwa anarekodi kabisa.

Kwa hiyo ombi langu liko pande mbili. Mtangazaji, mwalimu na mzee wa dansi: acheni kuwaambia vijana kwamba kosa lao ni kurudia, maana wakiwaamini wanaongeza noti, na wimbo unaharibika zaidi. Ninyi mliopiga besi miaka 20 au 30 mnayo majibu ya yale maswali matatu, yamo vidoleni mwenu, na mimi sijayaona kwenye kitabu chochote cha Kiswahili. Mtafuteni kijana mmoja mtaani kwenu, kaeni naye mbele ya skrini, mpigieni kifungu kimoja na mwonyesheni mahali mnapouachia uzi na sababu ya kuuachia hapo. Nawe kijana, leo usiku ufungue wimbo wako wa mwisho, uzime kila kitu isipokuwa besi, ngoma na sauti, uziangalie namba za nguvu. Ukikuta zote ni 100, kazi yako haijaisha. Anzia hapo, na usiongeze noti hata moja.